Nani aliyapandisha mawe ya Mwanza?

Swali: Mimi ni mkazi wa Mwanza. Je, mawe makubwa yaliyobebana vilimani, pamoja na Jiwe la Bismarck lililosimama ziwani, yalipandishwa na tetemeko? Na je, ni salama kujenga chini yake?

Jibu: Hakuna kilichoyapandisha. Mawe hayo yako karibu na pale yalipoumbika. Kilichoondoka ni udongo uliokuwa umeyafunika.

Asili yake ni matale, mwamba uliotokana na uji wa moto ulioganda taratibu ndani kabisa ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ulipopoa, na baadaye tabaka za juu zilipomomonyoka na kuupunguzia mzigo, ulipasuka nyufa za wima na za mlalo, ukagawanyika mabonge yaliyopangana mithili ya matofali. Maji ya mvua, ambayo huwa asidi hafifu kwa sababu ya dioksidi ya kaboni ya hewani na ya udongoni, yalipenya nyufa hizo na kugeuza madini ya feldspa kuwa mfinyanzi, huku chembe za kwatzi, ambazo haziozi kirahisi, zikibaki mchanga. Kona ya bonge hushambuliwa kutoka nyuso tatu kwa pamoja, kwa hiyo huisha kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea: mawe hayo yalianza kuwa ya mviringo yangali yamezikwa, kabla jua halijayaona.

Kisha mvua zikasomba uchafu huo wote, na mabonge yakabaki yameegemeana. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, hutua mapema chini ya kilima na ufukweni. Mfinyanzi husafiri hadi kwenye maji yaliyotulia. Chota gao moja la mchanga chini ya jiwe lolote: chembe angavu zenye kona kali ni kwatzi, na vigamba vinavyometameta ni ulanga.

Kuhusu usalama, cha kutazama ni kitako, wala si ukubwa wa jiwe. Jiwe lililokalia mwamba mzima kwa upana ni tofauti kabisa na lililokalia mwamba uliooza, ule unaomeguka kwa mkono. Anayechimba udongo chini ya jiwe ili apate kiwanja, au anayeelekeza maji ya bati huko, anafanya kwa siku chache kazi ambayo mvua ingeichukua karne nyingi. Ukiona maji yanatoka chini ya jiwe yakiwa na rangi ya udongo, au ufa mpya ardhini upande wa juu wake, usichimbe msingi kabla mjiolojia hajakikagua kitako hicho.