Msomaji Auliza: Njia ya Mabasi Haitaongeza Foleni Mwanza?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Igoma na kila siku ninapanda daladala kwenda mjini. Asubuhi, tukishafika Buzuruga, tunakwenda kwa kusogea na kusimama hadi Mabatini. Wapo wanaosema tutengewe njia ya mabasi kama Dar es Salaam. Je, magari mengine yakinyang'anywa njia hiyo, foleni haitazidi? Si afadhali barabara ipanuliwe?
Msomaji, Igoma

JIBU: Ndugu yetu wa Igoma, hofu yako ina msingi iwapo tunahesabu magari; tukihesabu watu, hesabu inageuka. Tuchukue abiria 42. Wakipanda haisi tatu zenye viti 14 kila moja, foleni yao haizidi mita 20. Wakigawanyika wawili wawili katika magari madogo, hayo ni magari 21, nayo yakisimama yakifuatana yanajaza zaidi ya mita 120 za lami. Wewe uliyebanwa ndani ya haisi umechukua nafasi ndogo mno barabarani, lakini unachelewa sawa na aliyejaza nafasi kubwa, na hilo kwetu si haki.

Kupanua barabara ni jambo gumu katika mji uliobanwa na ziwa upande mmoja na vilima vya mawe upande mwingine, kwa kuwa kila mita inayoongezwa inadai kupasua mwamba au kubomoa nyumba ya mtu. Tena barabara iliyopanuliwa huwavuta wenye magari waliokuwa wakiikwepa, na baada ya muda hujaa upya.

Hata hivyo, kuchora mstari wa rangi hakutoshi. Dar es Salaam, ambako mwendokasi ulianza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, njia ziliwekwa katikati ya barabara ili mabasi yasizuiwe na magari yanayoegeshwa au kuingia madukani. Nauli hulipwa kituoni, na jukwaa liko usawa wa sakafu ya basi, kwa hiyo abiria wengi hupanda kwa muda mfupi. Sasa tazama kituo chochote chenye msongamano hapa kwetu: haisi ya kwanza inasubiri ijae, konda amening'inia mlangoni akiita abiria, mama mwenye beseni la dagaa anatafutiwa nafasi nyuma ya kiti, na haisi ya nne, iliyokosa pa kuingilia, imesimama barabarani. Ukiwatengea njia yao bila kurekebisha hilo, watazuiana wenyewe kwa wenyewe humo humo.

Kwa maoni yetu, kazi ianzie vituoni: vijengwe nje ya barabara, viwe na urefu wa kutosha magari kadhaa, na daladala ziondoke kwa zamu bila kungoja kujaa, jambo linalohitaji makubaliano na wamiliki, kwa sababu dereva anayedaiwa hesabu ya siku hawezi kuondoka na viti vitupu kwa hiari yake. Baada ya hapo ndipo itengwe njia, nayo si lazima ianzie Igoma. Inatosha kuanza na kipande cha Buzuruga hadi Mabatini kwa saa za asubuhi, upande wa kuelekea mjini peke yake, trafiki wakiwepo kuwazuia bodaboda na magari binafsi wasiingie. Jioni ingetengwa upande wa kurudi.