Mwanangu anaogopa kuingia msikitini

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka tisa. Kwenye simu ya mjomba wake aliona video za misikiti iliyoanguka Myanmar watu wakiwa kwenye swala ya Ijumaa. Tangu hapo hataki kuingia msikitini. Baba yake akimpeleka, anaswalia barazani, pale penye viatu. Ameniuliza: “Mama, walikuwa wamefunga na wanaswali, mbona Mungu hakuwaokoa?” Mama mkwe akamjibu kuwa ile ni adhabu ya dhambi. Sasa kila akikosea kidogo anauliza kama nyumba yetu itaanguka, na usiku anahamia chumbani kwetu. Nimjibu nini? – Mama wa Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Mtoto wako hajapungukiwa na imani. Tetemeko lile la ardhi la Myanmar lilipiga Machi 28, 2025, Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, na watu wengi walifia misikitini katika miji ya Sagaing na Mandalay. Mtoto anayefuatana na baba yake Ijumaa akiona vile, anajiona yeye mwenyewe mle ndani.

La kwanza, mtoeni hilo neno la adhabu, na mlitoe leo. Mtume (s.a.w.) amemtaja anayekufa kwa kuangukiwa na jengo kuwa miongoni mwa mashahidi, pamoja na anayekufa maji. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Watu waliopewa cheo hicho, nani kati yetu atamwambia mtoto kwamba walikuwa wabaya? Tena msimulie siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume. Jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Mtume akawakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Na katika msiba huohuo alilia machozi mbele ya watu. Kwa hiyo mwanao akilia kwa ajili ya watu wa Myanmar, msimwambie anyamaze.

Wasomaji wangu Wakristo nanyi mnalo katika Luka 13: mnara wa Siloamu uliua watu 18, na Yesu akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine.

Akirudia kuuliza mbona Mungu hakuwaokoa, mwambie, “Sijui, baba. Mungu ndiye ajuaye.” Wazazi tunaliogopa jibu hili, halafu tunajaza nafasi kwa maneno ya kutisha. Baada ya hapo mweleze unachokijua: chini ya nchi ile upo ufa mkubwa, ufa wa Sagaing, na siku hiyo ardhi ya pande mbili iliteleza ghafla. Muulize pia kama madrasa wameshafika Zilzala, sura ya Kurani inayotaja ardhi kutikiswa siku ya Kiyama. Mtoto aliyehifadhi sura hiyo anaweza kuwa amedhani Kiyama kimeanza, naye akanyamaza nalo moyoni. Ustadhi wake akae naye amfafanulie taratibu.

Msimwahidi kwamba Dar haitikisiki. Agosti 12, 2020 tulitikiswa hapahapa, watu wakatoka mbio nje, na wenzake shuleni watamsimulia. Mwambieni kweli: yale makubwa kama ya Myanmar si kawaida kwetu, na ardhi ikitikisika mtamshika mkono.

Kuhusu msikiti, naomba baba yake asimburute. Ijumaa mbili tatu aswalie barazani, swala yake ni swala. Lakini siku ya kawaida, baada ya Alasiri watu wakishatawanyika, waingie wawili tu. Aguse nguzo, azunguke, amuulize imamu msikiti ulijengwa lini na nani alimwaga zege. Hofu yake iko kwenye dari na kuta, basi azione kwa karibu akiwa na baba yake.

Halafu mpeni cha kufanya, maana mtoto anayetazama tu maafa bila kunyoosha mkono huona dunia yote inaporomoka. Baada ya Magharibi aombe dua kwa maneno yake mwenyewe, hata kama Kiarabu kimempotea. Siku moja moja atenge kidogo kwenye hela yake ya shule, aipeleke kwa mkono wake. Si lazima ifike Myanmar. Masika hayapiti bila jirani kuingiliwa na maji ndani; ampelekee huyo.

Mama mkwe usimkabili wewe. Mumeo akae na mama yake, amsomee hadithi ya mashahidi kwa heshima, kisha amwombe kazi: yeye ndiye awe anamsomea mjukuu dua ya kulala. Naamini ataipokea, kwa sababu alichosema alikisema kwa hofu ya Mungu na mapenzi kwa mjukuu.

Mkiona wiki zinapita hapati usingizi, ameanza kukojoa kitandani au anagoma kwenda shule, mpelekeni hospitali. Muhimbili wapo wataalamu wa afya ya akili, na dua haizuii matibabu. Na huyo mjomba aambiwe simu yake asimpe tena mtoto bila mtu mzima kukaa pembeni.