Siku mbili Zurich kwa wenye bajeti ya kiasi

Ndugu, umeuliza kama siku mbili zinawatosha wewe na mkeo kuitazama Zurich, ilhali bei za hoteli tayari zimewatisha. Zinatosha, na kwa maoni yangu msiongeze ya tatu. Mji wa kale unazungukika kwa miguu kandokando ya mto Limmat. Pandeni hadi kilima cha Lindenhof, ambako wazee hucheza sataranji kwa kete kubwa chini ya miti, na mandhari ya mji mzima hamtaitolea hata senti. Kiingilio kitunzeni kwa kanisa la Fraumünster, lenye madirisha ya vioo vya rangi yaliyobuniwa na Marc Chagall mwaka 1970. Kinachokausha mfuko hasa ni mikahawa, kwa hiyo nunueni mkate, jibini na matunda kwenye supamaketi za Migros au Coop, mkale kando ya ziwa, na chupa mzijaze kwenye chemchemi za mitaani, ambazo ni zaidi ya 1,200 na maji yake hunywewa bila wasiwasi. Jumapili maduka mengi hufungwa, isipokuwa yale ya stesheni kuu. Teksi ya uwanja wa ndege msiifikirie kabisa, kwa kuwa treni hufika mjini chini ya robo saa.