Mafuta ya samaki kwa mzee mwenye dimenshia: jibu la aliyemuuguza mama

Mkuu, umeuliza hapa jukwaani kama vidonge vya omega-3 (aina ya mafuta yanayopatikana kwa samaki) vitamrudishia mama yako kumbukumbu, kwa kuwa muuzaji amekuapia kwamba ubongo ni mafuta na mafuta ya samaki ndiyo dawa yake. Mimi nilimuuguza mama yangu aliyekuwa na Alzheimer, aina ya dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), hadi alipotutoka, na vidonge hivyo alipewa. Havirudishi kumbukumbu. Samaki mwenyewe, sahanini, ni habari nyingine, na huko ndiko ningependa nguvu zako ziende.

Maneno ya muuzaji yana nusu ya ukweli, ndiyo maana yanauzika. Ubongo kweli umejaa mafuta, na omega-3 iliyo nyingi zaidi humo ni DHA, inayokaa kwenye kuta za seli za neva. Mwili unaweza kuitengeneza kutokana na omega-3 ya mimea, kwa mfano ile ya mbegu za kitani, lakini kinachopatikana ni kidogo mno. Basi watu hukimbilia samaki. (Samaki naye kaipata kwa mwani mdogo usioonekana kwa macho, kwa hiyo asiyekula samaki anaweza kutumia mafuta ya mwani, DHA ni ile ile.)

Tafiti za kuwafuatilia watu nazo zinavutia. Mwaka 2003 watafiti wa Chicago waliripoti kuhusu wazee 815: waliokula samaki walau mara moja kwa wiki hatari yao ya kupata Alzheimer ilikuwa pungufu kwa asilimia 60 hivi, ukiwalinganisha na wasiokula au wanaokula kwa nadra. Mwaka 2006 utafiti wa Framingham, mji wa Marekani, ukaonyesha kwamba robo ya wazee waliokuwa na DHA nyingi zaidi kwenye damu walipata dimenshia kwa kiwango cha karibu nusu ya wenzao. Matangazo huishia hapo.

Wakaja waliojaribu kuwapa watu vidonge. Matokeo ya jaribio la Marekani yalitoka mwaka 2010: wagonjwa 402 wa Alzheimer ya kiwango cha chini hadi cha kati, baadhi wakipewa gramu 2 za DHA kila siku kwa miezi 18, wengine kidonge kisicho na kitu. Wote walidhoofika kwa kasi ile ile. Ufaransa walichukua wazee zaidi ya 1,600 ambao hawajaugua, wakawapa omega-3 miaka 3. Matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha faida ya maana kwenye kumbukumbu.

Kwa nini samaki aonekane anasaidia na kidonge kisisaidie? Anayekula samaki kila wiki huenda pia anatembea sana, havuti sigara, na sahani yake ina mboga badala ya nyama ya kukaangwa. Tena Alzheimer huanza kuula ubongo miaka mingi kabla ya mtu kusahau jina la mwanawe, na seli iliyokwisha kufa haifufuki kwa mafuta. Kuna utafiti mmoja wa mwaka 2014 ninaoupenda: wazee 260 wenye akili timamu walipigwa picha za ubongo, na waliokula samaki wa kuoka au kuchoma kila wiki walikuwa na ujazo mkubwa zaidi katika sehemu zinazohusika na kumbukumbu, bila kujali kiwango chao cha omega-3. Samaki wa kukaanga hakuonyesha hivyo.

Sasa chukua hiyo chupa uliyonunua, igeuze. Mbele wameandika miligramu 1,000 kwa herufi kubwa. Huo ni uzito wa mafuta yote. Nyuma, kwa herufi za kutafuta miwani, mara nyingi utakuta miligramu 180 za EPA (omega-3 nyingine ya samaki) na 120 za DHA. Kufikia zile gramu 2 za jaribio la Marekani mama yako angemeza kapsuli zaidi ya 16 kwa siku, na hata kipimo hicho hakikusaidia kitu.

Halafu kuna kumeza kwenyewe, jambo ambalo muuzaji hatalisema kwa sababu hajawahi kulishika. Mama yangu alikuwa anaificha kapsuli shavuni, ananiitikia kwamba ameshameza, kisha baadaye anaitafuna. Inapasuka, mdomo mzima unanuka shombo, na baada ya hapo hata uji anaukataa. Nilipomwona anazidi kukonda niliziacha, nikahamia kwenye chakula. Mtu mwenye dimenshia anayepungua uzito yuko kwenye hatari iliyo karibu zaidi kuliko ukosefu wa omega.

Samaki nilikuwa namchemsha taratibu au namwoka, namwacha apoe, kisha namchambua kwa vidole viwili, nikisugua kila kipande mpaka niridhike hakuna mwiba. Macho peke yake hayatoshi. Baada ya hapo namponda na mchuzi wake hadi alainike, maana nyama kavu hukwama kooni. Mama anakaa wima, kijiko kidogo, na simpi kingine kabla sijaona koo limepanda na kushuka. Akikohoa kila mlo au sauti ikawa kama ina maji ndani, usiendelee kubahatisha: mpeleke mama yako kwa mtaalamu wa matatizo ya kumeza.

Chagua samaki wadogo wenye mafuta, kama sadini na vibua, au salmoni. Papa na nduaro waache, kwa sababu samaki mkubwa anayekula wenzake hujikusanyia zebaki. Mara mbili kwa wiki inatosha. Hata Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri kiasi hicho. Sadini wa kopo hawana ubaya, ila angalia chumvi kama ana presha.

Mafuta ya ini la samaki usiyachanganye na haya. Yana vitamini A nyingi, na ikizidi hudhuru ini na mifupa. Kama mama yako anatumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, daktari aambiwe kuhusu kapsuli hata kama ni moja kwa siku. Dozi kubwa za omega-3 zimeonekana kuongeza hatari ya mapigo ya moyo kwenda ovyo, kwa hiyo usiongeze kapsuli ukidhani zaidi ni bora.

Mwenzetu mmoja hapo juu ameuliza afanye nini yeye ambaye bado hajaugua. Jopo la jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani. Humo kuna presha, kisukari, sigara, upweke, na uziwi usiotibiwa. Omega-3 haimo kwenye orodha hiyo. Ndugu, pima presha kwanza.

Na wewe mwenye uzi, kabla ya kununua chupa ya pili mpeleke mama akaangaliwe masikio na macho. Wa kwangu alitolewa nta iliyoziba sikio la kulia, na jioni ile ile akaanza kunijibu nilichomuuliza badala ya kutabasamu tu. Ugonjwa ulibaki pale pale, ila maongezi ya mezani yalirudi kwa muda, na akiongea alikuwa anakula zaidi.