Kivengere hakuwa mwoga jamani

Mdau unayeuliza kama Festo Kivengere, askofu wa Anglikana wa Uganda, alimsamehe rais Idi Amin kwa woga, hapana aisee, hebu angalia alichofanya. Februari 1973 serikali ya Amin ilileta watu watatu wa dayosisi yake ya Kigezi wapigwe risasi uwanjani Kabale mbele ya umati, yeye akaomba ruhusa akaongee nao kabla ya kufa, akawafuata huku wamefungwa pingu na askari wamesimama na bunduki, halafu akakuta nyuso zao zinang'aa na mmoja anamwambia Yesu ameshamsamehe. Mwoga anaenda pale kweli? Mwaka 1977 askofu mkuu wa Uganda Janani Luwum alipouawa na utawala wa Amin, Festo na mkewe Mera wakakimbia usiku wakavuka milima kwa miguu mpaka Rwanda, na ni baada ya hapo ndo akaandika kitabu cha kusema anampenda Amin. Yaani msamaha wake umetoka kwenye maumivu kabisa. Alifariki 1988 kwa leukemia, yaani saratani ya damu, na mi naona vijana wetu makanisani wanamjua kidogo mno, inaniuma sana hiyo.