Kidude cha waifai kinawaka taa, Linux haioni mtandao
Mkuu, umesema kidude ulichonunua Majengo kinawaka taa ila Linux Mint (mfumo unaoendesha kompyuta yako, kama Windows) haioni mtandao hata mmoja. Usikirudishe dukani kwanza. Kichomeke, fungua teminali (dirisha la kuandikia amri), andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Itatokea namba ya chipu iliyo ndani, na hiyo ndiyo ya kuamini. Maandishi ya kwenye boksi achana nayo, maana vidude viwili vya umbo moja huweza kuwa na chipu tofauti kabisa.

Ukikuta 148f:7601 hiyo ni chipu ya MediaTek, kerneli (kiini cha Linux kinachoongea na vifaa) inaitambua tangu toleo 4.2 la mwaka 2015. Jaribu tundu jingine la USB tu.

Ukikuta 0bda:1a2b, hapo kidude kinajifanya sidii (CD) yenye draiva, yaani programu za kuendeshea kifaa, za Windows. Changu kilinitesa jioni nzima hapa Nkuhungu: kila nikichomeka linafunguka folda la sidii, waifai hakuna. Dawa ilikuwa amri hii, inayokiambia kiache kujifanya sidii:

sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b

Sekunde chache tu, lsusb ikasoma 0bda:c811. Sasa hiyo c811 inataka kerneli 6.2 kwenda juu, kwa hiyo angalia toleo lako kwa amri ya uname -r. Kama bado uko 5.15, weka mpya kupitia Update Manager (programu ya masasisho ya Mint). Intaneti ya kupakulia chukua kwenye simu kwa waya wa USB, haihitaji draiva yoyote ya kuhangaikia. Weka bando la maana lakini, kerneli si faili dogo.

Ikigoma, bandika hapa majibu ya lsusb na uname -r.