Bustani sawa, lakini nani atahamishwa?

Mhariri, swali lenu la wiki mmelitoa kwenye habari ya yule bwana na mkewe walioshinda kutwa nzima wakizunguka Central Park ya New York: je, miji yetu nayo itenge bustani kubwa za kihistoria, watu wapate pa kutembea? Habari ilisifu mabwawa, madaraja na ekari 843 za miti. Ikaruka jambo moja. Kabla ya bustani palikuwa na kitongoji, Seneca Village, wakazi wake wengi wakiwa watu weusi, baadhi yao wana viwanja vyao wenyewe, wana makanisa na shule. Kufikia mwaka 1857 wote wameondolewa, na mwaka uliofuata bustani ikaanza kupokea wageni. Kwa hiyo kabla hamjaniuliza kama naitaka bustani, niambieni kwanza nani atahamishwa.

Huku Mtwara nafasi haijawahi kuwa shida. Mji ulichorwa enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, barabara pana za mji mkubwa. Karanga zikagoma, upana tukaachiwa sisi na jua lake.

Bustani ya kushinda kutwa mimi naijua moja, na hakuna aliyeipanda: Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale. Nilikwenda na mume wangu, Baba Somoe, baada ya yeye kuacha kazi ya uashi kwa sababu ya mgongo. Tulichukua kibali Kilwa Masoko, tukavuka na mashua, mzee mmoja wa kututembeza yuko nasi. Nilidhani tutazunguka, tutapiga picha, turudi kula pweza. Kumbe nimempeleka fundi kwa mafundi wenzake. Pale Gereza, ngome ya ufukweni, alisimama kidogo tu. Tulipoingia Msikiti Mkuu ndipo aliponisahau. Akagusa nguzo, akakwaruza chokaa kwa ukucha, akainua kichwa kwenye makuba mpaka kofia ikamwanguka. "Matumbawe na chokaa, nondo hakuna," akasema. Yule mzee akaeleza kuwa sehemu ile iliongezwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na kwamba Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331. Baba Somoe hakuwa na haja na sultani. Alitaka jina la fundi. Mzee hana jina la fundi. Wakabishana, tena kwa adabu, jinsi kuba lilivyoshikiliwa na mbao mpaka chokaa ikauke, mmoja anasema hivi, mwingine anasema vile, na mimi nimeegemea ukuta wa karne nyingi nahesabu kunguru.

Husuni Kubwa tulifika jua limesimama utosini. Pale juu ya jabali, bahari yote chini yako, kuna bwawa la pande nane ndani ya jumba ambalo halikuwahi kumalizika. Nikamwambia mume wangu, ona, hata sultani alikwama kwenye ujenzi. Akanijibu kwamba mwenye nyumba ndiye aliyekwama, fundi hakukwama. Nilicheka, lakini miguu ilikuwa imekwisha, na maji yalikuwa yamekupwa kiasi kwamba mashua haiwezi kutufuata upande ule. Tukarudi kwa miguu kupitia kijijini.

Mama mmoja akatuona. "Karibuni, mpumzike!" Mkeka ukatandikwa chini ya mwembe, maji ya kunywa yakaja, nasi tukatoa ming'oko tuliyobeba tokea nyumbani tukala pamoja. Akatuuliza, "Mmetoka Mtwara yote hiyo kuja kuangalia mawe?" Mbuzi wake walikuwa wamelala kwenye kivuli cha gofu. Magofu yale yaliingia urithi wa dunia mwaka 1981, yakatiwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004, yakatolewa humo 2014, na miaka yote hiyo watu wa kisiwani wanavua, wanalima, wanaoana. Hiyo ndiyo bustani ninayoielewa.

Nilitaka kuishia hapo, jibu langu liwe hapana. Baba Somoe akasoma nilichoandika, akauliza siku ile nilifurahi wapi hasa. Nikasema pale mkekani. "Basi wewe unataka mwembe," akasema, "hayo ya Ibn Battuta umeyatia kunogesha."

Ananiudhi akisema kweli. Kilwa ni safari ya basi mpaka Nangurukuru, kisha kuteremka Masoko, haifanyiki kila Jumapili. Na hapa mjini, watu wa umri wetu wakitaka kukaa pamoja saa mbili bila kulazimika kununua soda, waende wapi? Shangani pazuri, ila mchana mchanga unaunguza. Viwanja vya Mashujaa utakuta mkutano.

Basi andikeni ndiyo, bustani moja, Mtwara mjini, kwa masharti. Miembe na mikorosho iliyopo isiguswe. Mabenchi yawe ya kutosha watu wawili wanene. Historia si lazima, ikilazimu wekeni ya hizo karanga. Na kama eneo litakalopatikana lina nyumba ya mtu hata moja, ya udongo au ya tofali, kura yangu ihesabuni hapana.